Kila mfumo wa umma uje na ramani ya vitegemezi vyake

Wiki ya pili ya Desemba 2021, wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika mabenki, mawizara na makampuni ya simu sehemu nyingi duniani walijikuta wakiulizwa swali moja: na sisi tunatumia Log4j? Wengi hawakuwa na jibu. Haikuwa kwamba hawajui kazi. Mifumo waliyokabidhiwa ilikuwa imeungwa kwa mamia ya vipande vilivyoandikwa na watu wengine, ndivyo vitegemezi vyake, na hakuna aliyewahi kukaa chini akaviorodhesha.

Log4j ni maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na kuwekwa hadharani ili wengine wauchukue badala ya kuanza upya. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu za mfumo: nani ameingia, saa ngapi, hitilafu gani imetokea. Kazi hiyo inahitajika kila mahali, ndiyo maana waandishi wengi wa programu za lugha ya Java waliichukua bila kufikiri mara mbili. Tarehe 24 Novemba 2021, mhandisi wa usalama wa Alibaba Cloud nchini China aliiarifu Apache Software Foundation, taasisi inayoitunza maktaba hiyo, kwamba ina mwanya mbaya. Mshambuliaji akituma mstari mmoja wa maandishi uliotungwa kwa namna fulani, na seva ikauandika kwenye kumbukumbu zake, seva hiyo inaweza kwenda yenyewe kuchota programu kwa mshambuliaji na kuiendesha. Habari ilipotoka hadharani tarehe 9 Desemba, mwanya huo ukapewa alama 10 kati ya 10 kwenye kipimo cha ukali. Kwenye mchezo wa Minecraft, kuandika ujumbe tu kwenye dirisha la gumzo kulitosha kuishambulia seva.

Kiraka kilipatikana mapema. Kilichochukua muda ni kujua pa kukiweka.

Timu ya Google iliyochunguza Maven Central, ghala kuu la maktaba za Java, ilieleza mwezi huohuo ugumu ulikuwa wapi. Maktaba zilizoathirika zilikuwa maelfu, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo hazikuichukua Log4j zenyewe. Zilichukua maktaba nyingine, ambayo nayo ilikuwa imechukua nyingine, mpaka huko chini ndipo Log4j inapokutwa. Nyingi zilikuwa nayo ngazi tano chini, na baadhi ngazi tisa. Mama lishe anajua maharage kayanunua kwa nani sokoni, lakini hajui mfanyabiashara huyo aliyatoa ghala gani, wala ghala hilo liliyapuliza dawa gani. Watengenezaji wengi wa mifumo wako katika hali hiyo: wanamjua muuzaji wa kwanza tu.

Ripoti ya bodi ya Marekani iliyokuwa ikichunguza matukio ya usalama wa mtandao, iliyotolewa Julai 2022, inataja idara moja ya serikali yenye hadhi ya wizara iliyotumia saa 33,000 za kazi kushughulikia Log4j peke yake. Mtumishi mmoja anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, angezimaliza saa hizo kwa zaidi ya miaka 16. Bodi hiyo iliongeza kwamba mwanya huo huenda ukaendelea kukutwa kwenye mifumo kwa muongo mzima au zaidi.

Saa hizo zinauma, kwa sababu sehemu kubwa ya utafutaji wa namna hiyo inaweza kufanywa na amri moja.

Mwandishi wa programu za Java anayetumia Maven, zana ya kujengea miradi, hufungua dirisha la amri, lile lenye maandishi matupu bila picha wala vitufe, akaingia kwenye folda ya mradi wake, akaandika: mvn dependency:tree. Baada ya muda mfupi kompyuta inamwagia mti wa maandishi. Juu kabisa ni jina la mradi. Chini yake, zikiwa zimesogezwa kidogo kulia, ni maktaba alizozichagua mwenyewe, kila moja na namba ya toleo lake. Chini ya kila maktaba, zikiwa zimesogezwa zaidi, ni zile zilizoburutwa nayo, na zilizoburutwa na hizo zilizoburutwa. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza kwenye mradi alioudhani mdogo hupata mshtuko: ameandika majina 12 ya maktaba, mti unamwonyesha 90. Akitaka kujua habari za Log4j tu, anaongeza kichujio mwishoni, -Dincludes=org.apache.logging.log4j, na mti mzima unapunguzwa ubaki na matawi yanayofika huko. Sasa anaona si tu kwamba anayo, bali nani kaileta.

Lugha nyingine nazo zina amri zake. Wanaotumia JavaScript wana npm ls, na wakitaka kujua kwa nini maktaba fulani imo, wana npm explain. Wa Go wana go mod graph na go mod why. Wa Rust wana cargo tree, na wakiongeza herufi -i mti unageuzwa juu chini: badala ya kuuliza mradi unategemea nini, wanauliza ni nani wote wanaoitegemea maktaba hii. Zote hazilipiwi. Zote zinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi, nyingi hata bila intaneti ikiwa maktaba zilishapakuliwa.

Anayetaka picha halisi anaipata pia. Maabara za Bell za kampuni ya AT&T nchini Marekani ndizo zilizotengeneza Graphviz, programu ya kuchora mitandao ya vitu vinavyohusiana, na makala ya kitaalamu inayoeleza mbinu yake ya uchoraji ilichapishwa mwaka 1993. Lugha yake ni rahisi ajabu. Mtu anaandika malipo -> benki, mstari unaofuata benki -> kumbukumbu, anaendesha amri ya dot, na programu inachora maduara, inayapanga kwa ngazi kutoka juu kwenda chini na kuyaunganisha kwa mishale, ikijitahidi mishale isikatane. Hadi leo zana nyingi za kuonyesha vitegemezi hutoa matokeo yake katika lugha hiyo kwanza, kisha Graphviz inachora.

Lakini picha ya mradi mzima mara nyingi haisaidii. Mradi wa JavaScript wa kawaida unaweza kuwa na mamia ya vitegemezi, mara nyingine zaidi ya elfu, na ukichorwa wote unatoka kitu cheusi kisichosomeka, kinachopendeza ukutani na kisichomwambia mkurugenzi lolote. Zana nzuri ni ile inayojibu swali lililoulizwa. Ioneshe njia moja kutoka hapa hadi pale. Ioneshe moduli zinazotegemeana kwa mzunguko, ya kwanza ikiitegemea ya pili na ya pili ikiirudia ya kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazomfanya fundi aguse malipo akaharibu ripoti. Ioneshe kilichobadilika tangu mwezi uliopita.

Kuona kilichobadilika ndiko kunakotenganisha orodha iliyofungiwa kabatini na ramani inayofaa kazi, na hapo ndipo Git inapoingia. Linus Torvalds alianza kuiandika Git Aprili 2005, baada ya mradi wake wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu iliyokuwa ikitunza matoleo ya msimbo wake. Leo ni vigumu kukuta timu ya programu isiyoitumia. Git hutunza kila badiliko: nani kaliweka, lini, mstari upi uliondoka na upi uliingia. Na mradi uliotunzwa vizuri huwa na faili la kufungia matoleo, kama package-lock.json kwa JavaScript au Cargo.lock kwa Rust, linaloandika kila maktaba na toleo lake kamili, zile za ngazi za chini zikiwemo.

Faili hilo likiwekwa ndani ya Git, mradi unakuwa na historia ya vitegemezi vyake bila mtu kujisumbua. Mkaguzi anaweza kuurudisha mradi ulivyokuwa tarehe yoyote na kuchora ramani ya siku hiyo. Anaweza kuandika git log -S pamoja na jina la maktaba, na Git ikamwonyesha siku maktaba hiyo ilipoingia, siku ilipoondoka na aliyehusika. Akiulizwa na wakili au bodi kama mwezi fulani miaka mitatu iliyopita mfumo ulikuwa na mwanya fulani au la, anajibu kwa ushahidi. Hakuna hati iliyochapwa kwa mkono inayoweza kufanya hivyo, maana hati za mkono huanza kuchakaa siku ileile zinapopigwa muhuri.

Kwa sababu hiyo, dirisha la amri lenye sura ya kizamani linaishinda programu ya picha ya bei kubwa. Matokeo yake ni maandishi. Maandishi yanahifadhika ndani ya Git, yanalinganishwa mstari kwa mstari, yanatumwa hata kwa mtandao dhaifu, na amri yenyewe inaweza kupangwa ijiendeshe kila usiku au kila badiliko linapowekwa. Maktaba mpya ikiingia, asubuhi timu inaona mistari miwili iliyoongezeka na kuuliza: hii ya nini?

Wazo la kuiandikia kompyuta nani anamtegemea nani lina umri wa nusu karne. Mwaka 1976, hukohuko Bell, Stuart Feldman aliandika programu iitwayo Make baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu isiyo na kosa. Kosa lilikuwa limeshasahihishwa, ila faili lililosahihishwa halikuwa limetafsiriwa upya kwenda lugha ya mashine. Feldman akaona kompyuta ielezwe kwamba faili hili linatokana na lile, ili lile likibadilika hili lijengwe upya. Make bado inatumika.

Kuna vitegemezi vya aina nyingine ambavyo hata mti wa Maven hauvioni. Mafaili mawili yanaweza yasitajane popote, lakini kila mara moja likibadilishwa, la pili hubadilishwa siku hiyohiyo. Moja lina fomu ya kusajili mgonjwa. Jingine lina kanuni ya kukokotoa bima. Git inayajua hayo, kwa kuwa amri ya git log --name-only inaorodhesha mafaili yote yaliyoguswa katika kila badiliko. Adam Tornhill, mhandisi wa Sweden, aliandika zana ya dirisha la amri iitwayo Code Maat inayosoma historia hiyo na kuhesabu mafaili yanayokwenda pamoja. Kwa mfumo mkubwa uliorithiwa kutoka kwa watu walioondoka, hesabu hiyo huwa na thamani kuliko mchoro wowote uliomo kwenye ripoti ya makabidhiano, maana inaonyesha mfumo unavyoishi kazini, tofauti na ulivyokusudiwa kwenye karatasi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya mafundi na uongozi hauna sababu ya kujihusisha nayo. Kisa cha Equifax kinawajibu. Kampuni hiyo ya Marekani hutunza taarifa za mikopo ya watu. Tarehe 7 Machi 2017 kulitangazwa mwanya katika Apache Struts, maktaba nyingine ya Java, pamoja na kiraka chake. Siku mbili baadaye barua pepe ilisambazwa ndani ya kampuni ikiagiza kila mwenye Struts aiweke sawa ndani ya saa 48. Agizo lilikuwa sahihi na lilikuja mapema. Lakini kampuni haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake na vilivyomo, na ukaguzi uliofanywa haukuiona Struts iliyokuwa ndani ya tovuti ya kupokea malalamiko ya wateja. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia kwa mlango huo. Hadi wanagunduliwa mwishoni mwa Julai, taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimechotwa: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii. Mwaka 2019 kampuni ilikubali suluhu inayoweza kufika dola milioni 700.

Mkuu wa kitengo aliyepokea barua ile hakukosa utii. Alikosa ramani.

Hata maktaba ndogo kupita kiasi inaweza kusimamisha kazi. Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu, mwandishi wa programu aliyekuwa akizitoa bure kazi zake kwenye ghala la npm, aligombana na waendeshaji wa ghala hilo kuhusu jina la moja ya pakiti zake, akaamua kuziondoa zote. Miongoni mwazo ilikuwamo left-pad, yenye mistari 11, inayoongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi mpaka yafike urefu unaotakiwa. Miradi mikubwa, Babel ikiwemo, iliitegemea kupitia wengine, na kwa saa chache watengenezaji duniani kote wakawa hawawezi kujenga programu zao. Npm ikalazimika kuirudisha bila kungoja ridhaa ya mwenyewe. Wengi wa waliokwama siku hiyo walikuwa hawajawahi kulisikia jina la left-pad.

Ramani hizi zina mipaka, na asemaye zinamaliza kila kitu anadanganya. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana mafaili iliyomo kwenye karibu kila mfumo wa Linux. Alishtuka kwa sababu kuingia kwenye seva yake kwa SSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameuchangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akapachika mtego kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Kisa hiki kinafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, SSH yenyewe haiitegemei xz hata kidogo. Baadhi ya wasambazaji wa Linux, Debian wakiwemo, walikuwa wameibadilisha SSH iongee na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, na maktaba ya systemd ndiyo iliyokuwa ikiitegemea ile ya xz. Mlango uliingilia kwa mjomba wa mbali ambaye mwenye nyumba hakumwalika, na ramani ya vitegemezi ndiyo inayomwonyesha. Pili, kipande cha kuuamsha mtego hakikuwa ndani ya Git. Kilikuwa kwenye kifurushi cha kusambaza tu, kwa hiyo aliyesoma historia ya Git peke yake asingekiona. Anayechora ramani lazima aichore kutokana na kile kinachowekwa kwenye seva kweli, kisha aulize kama kinalingana na kilichomo kwenye Git. Mradi unaochukua vifurushi vilivyofungwa na mtu mwingine bila kulinganisha umeacha sehemu ya ukaguzi wake mikononi mwa mtu huyo.

Afrika Mashariki haisomi habari hizi kwa mbali. DHIS2, mfumo ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaobeba takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa muda mrefu. OpenMRS, mfumo wa majalada ya wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 na kwenda Rwanda mwaka huohuo. Yote miwili imeandikwa kwa Java upande wa seva, na msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Dodoma au Nairobi anaweza kuunakili wote kwa git clone, akaendesha amri ya Maven, na kabla ya chai ya saa nne akawa na orodha ya kila maktaba ya Java inayogusa takwimu za chanjo za nchi yake. Huo ni utajiri mkubwa, na vyuo vingefanya vema kuufanya zoezi la darasani badala ya kuwapa vijana mifano ya kubuni ya duka la vitabu.

Shida iko kwenye mifumo ile mingine: ya makusanyo, ya ada, ya maji, ya mishahara, ya vyama vya akiba na mikopo, iliyonunuliwa kwa mkataba na kukabidhiwa ikiwa imefungwa. Mkandarasi anapokea malipo ya mwisho, vijana wake wanahamia mradi mwingine, na taasisi inabaki na nywila, kitabu cha mtumiaji na namba ya simu. Mwananchi anayelipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka kwenye simu yake Mbozi au Kilifi hana namna ya kujua kuwa pesa yake inapita juu ya maktaba ambayo mtunzaji wake aliacha kuishughulikia miaka sita iliyopita. Inatakiwa walau mwenye mfumo ajue.

Wakandarasi wana majibu yao. Husema orodha ya vitegemezi ni siri ya biashara. Si kweli: orodha hiyo haifichui jinsi walivyoandika kazi yao, inataja tu kazi za watu wengine walizozichukua, na nyingi zake walizichukua bure. Husema pia orodha itamrahisishia mdukuzi. Hakuna anayedai ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Apewe mwenye mfumo na mkaguzi wake. Mdukuzi haingoji orodha. Waliovamia Equifax hawakupewa orodha na mtu, na bado waliijua Struts ya kampuni hiyo kabla ya kampuni yenyewe. Hoja ya gharama nayo haina uzito mbele ya zana za bure zinazomaliza kazi ndani ya dakika. Hoja yenye uzito ni moja tu: upande wa mnunuzi mara nyingi hakuna mtu wa kuisoma ramani hiyo ikishaletwa. Dawa yake ni kuajiri na kufundisha, na hilo liko ndani ya uwezo wa serikali zetu.

Wengine wameshachukua hatua. Tarehe 12 Mei 2021, hata kabla ya Log4j, Rais Joe Biden wa Marekani alisaini amri namba 14028, iliyoelekeza wanaoiuzia serikali programu watakiwe kuambatanisha orodha ya vilivyomo ndani yake. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya ustahimilivu wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, na wajibu wake mkuu, ukiwemo wa kuandaa orodha hiyo, utatekelezwa kikamilifu kuanzia tarehe 11 Desemba 2027. Miundo ya kuandikia orodha ipo tayari, SPDX na CycloneDX, na SPDX ilitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa na ISO mwaka 2021. Wala makampuni yetu ya programu yasidhani hilo ni jambo la wazungu wao kwa wao. Kampuni ya Dar es Salaam au Kigali itakayotaka kuuza bidhaa yake Ulaya itaulizwa orodha hiyohiyo.

Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye nguvu ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 kutoa viwango na miongozo ya mifumo ya taasisi za umma. Ina pia Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na zabuni za umma hupita kwenye mfumo wa NeST. Kenya ina Mamlaka yake ya TEHAMA. Vyombo hivi havihitaji sheria mpya ya bunge ili kudai kitu kinachotolewa na amri moja. Vinahitaji kipengele kimoja kwenye nyaraka za zabuni: kwamba mkandarasi akabidhi msimbo ndani ya Git pamoja na historia yake yote, faili la kufungia matoleo likiwemo, kwamba orodha ya vitegemezi itengenezwe upya kwa kila toleo litakalowekwa kwenye seva, na kwamba malipo ya mwisho yasitoke mpaka mhandisi wa taasisi, akiwa kwenye kompyuta yake na bila msaada wa mkandarasi, awe ameichora ramani hiyo na kuiona inalingana na kilichoko kwenye seva. Kipengele hicho kiingizwe kwenye zabuni za mwaka ujao wa fedha, na wakaguzi wa hesabu za serikali waanze kukiulizia kama wanavyoulizia stakabadhi.